Safari ya mfuko mwembamba: kuzunguka Tanzania kwa basi na treni bila pesa kuvujia njiani

Nauli ndiyo kitu cha kwanza ambacho msafiri hukipigia hesabu, na ndiyo hesabu rahisi kuliko zote kwa kuwa inajulikana mapema. Pesa nyingi huponyokea kwingine: boda ya saa tisa usiku kutoka stendi, sahani ya wali kwenye hoteli ambako basi limesimama dakika kumi na tano, chumba kilicholipiwa usiku mzima kwa usingizi wa saa tatu, makato ya kutoa pesa mara nne kwa siku mbili. Hizo ndizo sehemu za kuziba. Nauli tutaimaliza haraka, kisha tukae zaidi kwenye ncha mbili za safari, kutoka na kufika.

Nauli halali unaweza kuikokotoa mwenyewe

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupanga kikomo cha nauli kwa mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida na daraja la kati. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami kwa daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Chukua umbali wa safari yako, zidisha. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450, kwa hiyo kikomo kinaangukia karibu shilingi 21,800 kwa kawaida na 30,500 kwa kati. Dar hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, ni karibu 9,200 na 12,900. Likitoka tangazo jipya, badilisha kile kizidishio tu. Andika matokeo kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, maana ukishasimama mbele ya kaunta na watu wanakusukuma mgongoni hutapata utulivu wa kupiga hesabu.

Kumbuka hicho ni kikomo cha juu. Katikati ya wiki, na katika miezi ambayo watu hawasafiri sana, mabasi yanagombea abiria na wengi hushusha. Ukiuliza kwa upole, "Mwisho ngapi?", mara nyingi elfu mbili hadi tano zinatoka. Usiulize hivyo kwenye basi lililobakiza viti viwili.

Desemba ni habari nyingine kabisa. Kuanzia katikati ya mwezi hadi mkesha wa Krismasi, viti vya kwenda Moshi, Arusha na Bukoba vinakwisha siku nyingi kabla, na wiki ya kwanza ya Januari mambo yanageuka, kila mtu anarudi Dar. Anayeweza kuchagua tarehe asafiri kinyume cha mkondo. Basi lililopeleka watu Moshi tarehe 20 Desemba linarudi Dar likiwa na viti vitupu, na hapo bei inaongeleka. Asiyeweza kuchagua anunue tiketi wiki mbili tatu kabla, na ya kurudi aichukue siku hiyo hiyo.

Kati ya madaraja mawili, ushauri wetu ni huu: safari ya mchana isiyozidi saa tano, panda la kawaida. Safari ya usiku, lipia la kati. Tofauti ya nauli ni ndogo kuliko bei ya chumba, na kiti chenye nafasi ya kulala kinakuokoa usifike umevunjika kiasi cha kukodi chumba asubuhi ili ujinyooshe.

Kununua tiketi bila wapiga debe

Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yanatumia Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Mpiga debe anayekupokea getini hana basi. Anachofanya ni kukuongoza kwenye kaunta inayompa kamisheni, au mbaya zaidi, kukuandikia tiketi kwa bei ya juu na kubaki na ziada. Anakushika kwa maneno mawili: "gari linaondoka sasa hivi" na "kiti kimebaki kimoja". Basi lenyewe huenda likakaa saa nzima na nusu likisubiri kujaa.

Nunua siku moja au mbili kabla, kwa mtandao au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Kampuni nyingi zina ofisi Shekilango na sehemu nyingine za mjini, kwa hiyo huna haja ya kwenda Mbezi mara mbili. Tiketi ikitoka, isome palepale: jina lako, tarehe, namba ya usajili ya basi, namba ya kiti, saa ya kuripoti na kiasi ulicholipa. Kiasi kilichoandikwa kikiwa pungufu ya ulichotoa, dai irekebishwe kabla hujaondoka kaunta, kwani basi likiharibika au safari ikifutwa utarudishiwa kilichoandikwa. Ukitozwa zaidi ya kikomo, namba ya simu ya bure ya LATRA hubandikwa ndani ya mabasi. Piga ukiwa bado na tiketi mkononi.

Uliza pia basi linapita wapi kupakia. Mengi yanachukua abiria Kibaha au Chalinze, na anayeishi upande huo akirudi nyuma hadi Mbezi anatupa nauli na saa mbili. Mpe wakala namba yako ya simu na umwambie utapandia wapi, aiandike kwenye tiketi.

Mzigo ndio mtego wa mwisho wa stendi. Begi moja linaloingia miguuni au kwenye rafu ya juu halikugharimu kitu. Begi la buti linaleta mpagazi, na mpagazi akishalishika bila kuelewana, bei inakuwa yake. Sema bei kabla hajagusa, au libebe mwenyewe. Unga, mchele na ndoo za asali za kupelekea ndugu hukatiwa risiti ya mzigo, na bila risiti, mzigo ukipotea huna pa kudai.

Usiku: lini unaokoa na lini unapoteza

Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa mwenye pesa kidogo hii ni nafasi nzuri, kwa sharti moja tu: ufike kumekucha. Ukishushwa saa tisa usiku, akiba yote inayeyuka. Bodaboda na teksi za saa hizo hupandisha, gesti itakutoza usiku mzima hata ukilala mpaka saa kumi na mbili tu, na usalama wenyewe ni mdogo.

Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Lenga kufika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, toa muda wa safari, upate saa ya kuondoka. Dar kwenda Arusha ni saa kumi hadi kumi na moja, kwa hiyo basi la saa mbili au saa tatu usiku linafaa. Dar kwenda Dodoma ni saa saba au nane; tafuta linaloondoka saa nne au saa tano usiku, la saa moja jioni litakutupa stendi usiku wa manane. Kama umechelewa kupata la saa inayofaa, muulize kondakta mapema iwapo abiria wanaruhusiwa kubaki ndani ya basi mpaka alfajiri. Wengi hukubali.

Kanda ya Ziwa, mwenye safari ya Mwanza na Bukoba aulizie meli ya usiku bandarini kabla hajakata tiketi ya basi la kuzunguka ziwa. Nauli na malazi vinakuwa kitu kimoja.

Treni

Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli, na walio chini ya miaka 4 bure. Ukiilinganisha na kikomo cha basi la kawaida, treni ni ghali kwa shilingi elfu nne kwenda Morogoro na elfu tisa kwenda Dodoma.

Lakini usiishie hapo. Stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, karibu na Posta na Kariakoo, wakati Mbezi iko mbali kwa anayeishi Kigamboni au Temeke. Treni inafika Dodoma kwa saa nne hivi, basi linachukua karibu mara mbili ya huo muda. Mtu mwenye shughuli inayochukua saa mbili kwenye ofisi ya serikali Dodoma anaweza kupanda treni ya alfajiri, akamaliza, akarudi jioni. Hapo amefuta gesti, chakula cha usiku na cha asubuhi. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, treni ndiyo ya bei rahisi. Kwa anayekwenda kukaa wiki nzima, basi ndilo.

Hasara za treni ziko kwenye ncha. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze na ya Morogoro iko Kihonda, zote nje ya katikati ya mji. Weka shilingi elfu chache za kufika mjini ndani ya hesabu yako. Jina kwenye tiketi lazima lilingane na kitambulisho, kwa sababu ukaguzi upo na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Anayefika dakika za mwisho anapoteza nauli yote. Tiketi za Ijumaa na Jumapili huwahi kwisha, zikate mtandaoni siku kadhaa kabla.

Treni ya zamani ya reli ya kati, ile inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, bado ni usafiri wa mtu wa kawaida. Haitoki kila siku na inalala njiani, kwa hiyo ratiba iulizwe stesheni, na siku moja ya ziada iwekwe kwenye mpango. Behewa la kulala la daraja la pili linalipa kuliko daraja la tatu kwa safari ndefu. Beba maji, blanketi, na chakula cha siku ya kwanza. Baada ya hapo stesheni zenyewe zinakulisha. Kuku wa Saranda wanajulikana na kila aliyepita njia hiyo.

Dakika ishirini za kwanza baada ya kushuka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu umechoka, hujui mji, na begi linakutangaza. Ukiwa bado ndani ya basi, muulize abiria wa jirani anayeishi huko: daladala ya kwenda mjini inapatikana wapi, na bajaji kutoka stendi ni bei gani? Akikujibu, una bei ya mwenyeji mkononi kabla hujakutana na dereva yeyote.

Ukishuka, usikubali usafiri mlangoni mwa basi. Tembea mpaka nje ya geti, mita mia mbili tatu hivi. Madereva walio ndani hulipia nafasi na hulenga wageni. Wa barabarani wanabeba wenyeji. Bajaji inachukua abiria watatu, kwa hiyo tafuta wawili wanaokwenda upande wako mgawane. Taja bei yote kabla ya kukaa, kwa maneno yasiyo na utata: "Watatu, mpaka sokoni, elfu tatu yote." Ukisema "elfu" peke yake, mwisho wa safari utasikia kuwa ilikuwa elfu kwa kila mtu na kwa kila begi.

Zanzibar kanuni ni hiyo hiyo, ila tofauti ya bei ni kubwa zaidi. Papasi wa bandarini, wale wanaowinda wageni, watakutajia teksi ya Nungwi kwa dola, wakati gari la abiria namba 116 linakwenda huko huko kwa shilingi elfu chache. Namba 118 inakwenda Matemwe, 309 Jambiani. Zinapunguza sana baada ya magharibi, kwa hiyo panda boti ya asubuhi kutoka Dar, la sivyo utalazimika kukodi teksi au kulala Mjini.

Kulala

Gesti iliyobandikana na stendi ni ya bei nafuu lakini muziki wa baa na honi za alfajiri ni sehemu ya chumba. Sogea mtaa wa tatu au wa nne. Katika miji mingi ya mikoani chumba chenye choo cha nje hupatikana kwa shilingi 10,000 hadi 15,000, na chenye choo na bafu ndani kati ya 15,000 na 30,000. Hosteli za makanisa, kama zile za Kilutheri na za Kikatoliki zilizopo karibu kila makao makuu ya mkoa, ni safi, tulivu na hazina baa. Familia yenye watoto ianzie huko.

Lipa baada ya kuona chumba, kamwe kabla. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Washa taa na feni. Nyoosha neti ya mbu uangalie matundu, funga mlango kwa ndani ujue komeo linashika. Chaji simu dakika moja kuhakikisha soketi ina umeme. Kasoro yoyote utakayoikuta ni hoja ya kuomba punguzo au kubadilishiwa chumba, na baada ya kulipa hoja hiyo haina nguvu. Uliza saa ya kutoka. Gesti nyingi ni saa nne asubuhi, na kama basi lako ni la jioni, omba begi likae mapokezi badala ya kulipia siku ya pili. Ukilala usiku mbili au zaidi, omba bei ya jumla.

Kula

Mama ntilie mmoja mwenye foleni ya mafundi na madereva wa boda saa saba mchana anakupa mambo matatu kwa pamoja: chakula cha moto, bei ya mji huo, na habari. Wali maharage na mboga kwa kawaida ni shilingi 2,000 hadi 3,000, samaki au nyama ikipandisha kidogo. Chipsi mayai ya jioni hushibisha lakini ni ghali kuliko inavyoonekana ukilinganisha na ugali.

Hoteli za njiani ambako mabasi husimama zina abiria wasio na pa kwenda kwingine, na bei zinaakisi hilo. Beba chakula: chapati nne, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Vinavumilia joto la basi. Usibebe wali wenye nazi wala maharage kwa safari ya zaidi ya saa tano. Vinachacha, na ugonjwa wa tumbo njiani utakugharimu kuliko sahani kumi za hotelini. Maji yanunue dukani mtaani, chupa kubwa.

Pesa na simu

Makato ya kutoa pesa kwa wakala yanapangwa kwa madaraja ya kiasi, kwa hiyo kutoa elfu kumi mara tano kunakula zaidi kuliko kutoa elfu hamsini mara moja. Toa mara mbili tu kwa safari ya siku chache: kabla ya kuondoka, na katikati. Kiasi kigawe sehemu tatu mwilini na kwenye begi. Nauli ya kurudi iondoe kabisa kwenye hesabu, ama kwa kukata tiketi mapema au kwa kuiweka kwenye kibubu cha simu usichokigusa.

Msafiri anayetoka Kenya kupitia Namanga au Horohoro abadilishe kiasi kidogo tu mpakani, cha nauli na chakula cha siku hiyo, tena dukani panapobandikwa bei, asibadilishe kwa watu wanaozunguka na vibunda. Mtanzania anayevuka bila pasipoti anaweza kupata hati ya dharura ya kusafiria kwa shilingi 20,000, wakati pasipoti ni 150,000. Kwa safari moja, hati inatosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itunze vizuri, kwani tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yako yote. Usikubali kuambiwa kadi imekwisha muda kwa sababu ya miaka kumi.

Mfano: siku tatu Udzungwa kutoka Dar

Hifadhi zinatisha watu kwa sababu ya gharama ya gari la kukodi. Kiingilio chenyewe kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni wa mbali. Milima ya Udzungwa inatembelewa kwa miguu, kwa hiyo gari halihitajiki kabisa, na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, ni safari ya siku moja.

Panda basi la moja kwa moja la Ifakara kutoka Mbezi, ushuke Mang'ula, lilipo geti la hifadhi. Ni kama kilomita 370, kwa kiwango cha kawaida shilingi 18,000. Kuunganisha treni hadi Morogoro kisha bajaji ya kwenda stendi ya Msamvu kisha basi jingine kunaongeza gharama bila kuokoa muda mwingi. Omba kiti cha dirishani: barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na mchana unaweza kuona twiga, pundamilia, swala na hata tembo bila kulipa senti.

Makadirio ya mtu mmoja: nauli kwenda na kurudi 36,000. Gesti kijijini usiku mbili 30,000. Chakula siku tatu 27,000, na mchele wa bonde la Kilombero unastahili kila shilingi. Kiingilio pamoja na VAT, tenga 12,000. Mwongoza njia ni lazima kwa Sanje, tenga 25,000, na mkiwa watu wanne mnagawana. Boda na daladala 10,000. Jumla 140,000, ongeza akiba ya 20,000. Malipo ya hifadhi hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si fedha taslimu, kwa hiyo kiasi hicho kiache kwenye simu, na fika getini asubuhi na mapema kwani mtandao wa simu hukatika mara kwa mara.

Tiketi ya kurudi ikate siku unayofika, kwa wakala wa Mang'ula. Mabasi ya Dar yanaanzia Ifakara alfajiri, na Jumapili yanapita yakiwa yamejaa. Asiye na kiti kilichoandikwa atasimama mpaka Mikumi au atalipia usiku wa tatu.